Nani Alilipa Nauli? Nilivyomtafuta Babu wa Babu Yangu Kwenye Orodha za Meli

Jina langu la ukoo likiitwa darasani, mhadhiri husita kidogo, halafu hutazama huku na huku akimtafuta mzungu. Nikinyoosha mkono, darasa linacheka. Nimeshazoea. Hapa sitaliandika jina lenyewe. Tuseme ni Haugen, kwa sababu ni la aina hiyo hiyo na limetoka pande hizo hizo. Mama yangu ni Mchaga wa Machame. Baba, aliyefariki nikiwa kidato cha pili, alizaliwa Minnesota, Marekani. Na ukoo wa baba ulifika Minnesota ukitokea Norwei.

Babu, yaani baba yake baba, ana miaka 84 na hunipigia kila Jumapili. Kuhusu asili yetu alikuwa na sentensi tatu tu, alizorithi bila kuziuliza. Kwanza, babu yake alitoka Norwei akiwa kijana, na sanduku la mbao. Pili, nauli alijilipia mwenyewe kwa kukata magogo msituni. Tatu, alipofika Ellis Island, kile kisiwa cha New York walikopokelewa wahamiaji, karani alishindwa kutamka jina lake, akamwandika Haugen.

Mwaka 2025 ulitimiza miaka 200 tangu jahazi la Restauration liondoke Stavanger na watu 52, safari inayohesabiwa kuwa mwanzo wa Wanorwei kuhamia Marekani kwa makundi. Ukoo ukapanga kukutana mwezi Julai, na babu akataka kila mjukuu alete kitu kimoja cha kusimulia. Binamu zangu wakachagua picha na mapishi. Mimi, kwa kujiamini kwa mtu aliyeko mbali, nikaahidi kuleta jina la meli.

Nilidhani ni kazi ya jioni moja pale kimbwetani na bando la GB 1. Ilichukua wiki sita, na katika zile sentensi tatu za babu, mbili zikaanguka. Naeleza hapa jinsi kazi hiyo inavyofanyika, maana nyaraka nyingi zake ni bure, na njia yake inamfaa yeyote mwenye mzee aliyewahi kupanda meli.

Kwa nini waliondoka

Tukisikia Norwei leo tunafikiria mafuta na misaada ya maendeleo. Karne ya 19 haikuwa hivyo. Ardhi inayolimika ni kama asilimia 3 tu ya nchi nzima. Iliyobaki ni milima, misitu na mawe. Wakati huohuo watu waliongezeka kwa kasi: mwaka 1801 walikuwa kama 883,000, na kufikia 1900 walikuwa zaidi ya milioni 2.2, tena baada ya maelfu kwa maelfu kuondoka. Shamba kwa desturi lilirithiwa na mtoto mkubwa. Wadogo zake walibaki kuwa vibarua, au watu wa kupewa kibanda na kipande cha shamba la mwingine kwa masharti ya kumfanyia kazi.

Kati ya 1825 na miaka ya 1920, Wanorwei zaidi ya 800,000 walivuka Atlantiki. Ukilinganisha na idadi ya watu wa nchi, Ireland peke yake ndiyo iliyowazidi Ulaya. Mwaka mmoja tu, 1882, waliondoka zaidi ya 28,000. Kwa hiyo unapomtafuta mtu wako, usitegemee kumkuta amesimama peke yake. Yumo kwenye umati, na nusu ya umati huo wanaitwa kama yeye.

Anzia unakojua

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuanzia baharini. Niliingia kwenye hifadhi ya orodha za Ellis Island, nikaandika Haugen, yakaja majina mengi hata sijui nishike lipi. Nikalala na kichwa kinauma.

Kumbe unatakiwa kuanza na kifo, urudi nyuma kidogokidogo. Nilimwomba babu aulizie kanisani. Makanisa ya Kilutheri yaliyoanzishwa na wahamiaji kule Minnesota yalitunza vitabu kwa umakini: ubatizo, kipaimara, ndoa, mazishi. Binamu ya baba akapiga picha ukurasa wa mazishi akanitumia kwa WhatsApp. Humo kulikuwa na tarehe ya kuzaliwa, Januari 1881, na jina la parokia moja katika bonde la Gudbrandsdalen.

Kisha mwaka wa kuhamia. Sensa za Marekani za 1900, 1910 na 1920 zilimuuliza kila mhamiaji aliingia nchini mwaka gani. Babu wa babu alijibu 1903 katika sensa moja na 1904 katika nyingine. Hilo ni la kawaida. Aliyejibu mlangoni huenda alikuwa mke, jirani au mpangaji. Chukua mwaka uliotajwa, tafuta miwili mbele na miwili nyuma.

Ukiwa na vitu vitatu hivi, yaani jina la kwanza, tarehe ya kuzaliwa na parokia, sasa unaweza kwenda Norwei bila kuondoka hosteli. Hifadhi ya nyaraka ya taifa lao imeweka vitabu vya makanisa, sensa na rejista za wahamaji kwenye mtandao, mahali panapoitwa Digitalarkivet. Hulipi hata senti.

Jina halikuwa jina

Hapa ndipo sentensi ya tatu ya babu ilipoanguka.

Vijijini Norwei, watu wengi wa wakati ule hawakuwa na jina la ukoo kama tunavyolielewa sisi. Mtoto alichukua jina la baba yake. Ole akizaa mtoto wa kiume akamwita Hans, huyo ni Hans Olsen, mwana wa Ole. Akizaa wa kike akamwita Marit, huyo ni Marit Olsdatter, binti wa Ole. Hans naye akizaa, watoto wake ni Hansen na Hansdatter. Ni kama sisi tunavyosema Juma Hamisi, na mwanawe akawa Ali Juma. Sheria iliyotaka kila familia iwe na jina moja la kudumu ilikuja mwaka 1923.

Baada ya jina la baba ndipo lilipokuja jina la shamba. Lilionyesha mtu anaishi wapi, na akihama shamba, hilo jina nalo lingeweza kubadilika. Haugen maana yake ni kale kakilima. Yaani babu wa babu yangu alikuwa Hans, mwana wa Ole, wa Kilimani. (Hans na Marit pia ni majina ya mfano, wenyewe nimewahifadhi.)

Ile hadithi ya karani wa Ellis Island kubadilisha jina husimuliwa na familia nyingi sana za Marekani, na karibu zote zinakosea mahali palepale. Makarani wa kisiwani hawakuwa wakiandika majina upya. Walikuwa na orodha mkononi, iliyojazwa na watu wa kampuni ya meli huko abiria walikopandia, na kazi yao ilikuwa kuuliza na kulinganisha. Majina yalibadilika baadaye, na mara nyingi wenyewe ndio waliobadilisha. Minnesota ilikuwa imejaa akina Olsen na Hansen. Barua zilipotea, mishahara ilichanganywa. Wengi wakachukua jina la shamba la nyumbani.

Kwa hiyo alipanda meli akiwa Olsen, akawa Haugen baadaye. Ndiyo maana sikumpata. Nilikuwa namtafuta kwa jina ambalo siku ile hakuwa nalo.

Rejista ya polisi

Mawakala wa kampuni za meli walizunguka vijijini wakiuza tiketi, na matapeli hawakukosekana. Sheria ya mwaka 1869 ikataka mkataba wa kila mhamaji upitie kwa polisi wa bandarini kabla ya safari. Polisi wakanakili kwenye rejista: jina, umri, kazi, anakotoka, anakokwenda, kampuni ya meli. Za Trondheim zilizopo mtandaoni zinaanza 1867, za Kristiania 1871, za Bergen 1874, na zote zinafika 1930. Kristiania, kwa asiyejua, ndiyo Oslo. Jina lilibadilishwa 1925.

Watu wa Gudbrandsdalen wengi walitokea Kristiania. Nikaacha jina la ukoo wazi, nikaandika Hans, mwaka wa kuzaliwa 1881, na parokia. Yakabaki machache. Mmoja: Hans Olsen, miaka 22, kibarua, hajaoa, anakwenda Minneapolis, Aprili 1903, kampuni ya White Star. Nikarudi kwenye kitabu cha ubatizo nikalinganisha tarehe, baba na shamba. Ni yeye. Nilipiga kelele, jamaa wa vimbweta vya jirani wakadhani nimeona matokeo ya sapu.

Safari moja, meli mbili

Sasa jihadhari, hapa wengi hukwama. Mwaka 1903 hapakuwa na meli ya Kinorwei iliyokwenda moja kwa moja Marekani kwa ratiba. Kampuni yao ya Norwegian America Line ilianzishwa 1910 na kufanya safari ya kwanza 1913. Wengi walipitia Uingereza. Walipanda meli ndogo ya Wilson Line, kama ile iliyoitwa Angelo, kutoka Kristiania hadi Hull, mashariki mwa Uingereza. Kutoka Hull walipanda treni kukata nchi hadi Liverpool, magharibi. Liverpool ndipo ilipokuwa meli kubwa. Kwa njia hiyo ya Hull walipita wahamiaji zaidi ya milioni 2 wa mataifa mbalimbali ya Ulaya.

Maana yake kwa mtafutaji ni kwamba meli ya kuondokea nyumbani si meli ya kufikia New York. Ukisoma mahali kuwa mzee aliondoka na Angelo, halafu ukaitafuta Angelo New York, utaitafuta mpaka uzeeke. Tena tarehe ya Kristiania si tarehe ya Liverpool. Ongeza wiki mbili au tatu toka tarehe ya polisi, kisha angalia meli zote za kampuni ile zilizoingia New York ndani ya siku hizo.

Uingereza nako kuna orodha. Za meli zilizotoka kwenda mbali zimehifadhiwa kuanzia 1890. Za kabla ya hapo ziliteketezwa. Kwa wageni waliopita tu maelezo ni kiduchu, na tovuti nyingi zenye orodha hizo hulipisha, kwa hiyo mimi nilizitumia kuhakikisha tu. Aliyehama zamani zaidi ana njia nyingine. Kuanzia 1850 hivi, wengi walikwenda kwa meli za tanga hadi Quebec, Kanada, wiki nyingi baharini, na orodha za Quebec zilizosalia zinaanza 1865.

Hans wetu alivuka na Celtic ya White Star, meli iliyoanza safari 1901 ikiwa kubwa kuliko zote duniani, yenye nafasi za abiria zaidi ya 2,000 wa daraja la tatu. Nikawa nimepata nilichoahidi: jina la meli. Ningeweza kufunga kompyuta nikaenda kula.

Fungua picha, soma safu zote

Kwenye mtandao, unachokiona kwanza ni faharasa: jina, umri, nchi, tarehe. Kuna mtu aliyeisoma karatasi akachapa vichache. Karatasi yenyewe ni picha, unaifungua kwa kubofya mara moja zaidi, na wengi hawabofyi. Na mimi nilikuwa nimebakiwa na bando la kuungaunga.

Nilibofya. Kwa sheria ya Marekani ya 1893, karatasi moja haikuzidi majina 30, na kila abiria aliulizwa maswali mengi. Unajua kusoma? Umewahi kufungwa? Una wake wengi? Una dola ngapi? (Hans alikuwa na 12.) Unakwenda kwa nani? Na katikati ya maswali hayo kuna safu moja inayouliza: nauli yako imelipwa na nani?

Nilishuka na kidole toka mstari wa kwanza. Mwenyewe. Mwenyewe. Mume. Mwenyewe. Kaka. Nikafika kwa Hans. Pameandikwa: dada.

Na kwenye safu ya anayekwenda kwake: dada, Marit Olson, na anwani ya mtaa wa Minneapolis.

Hapakuwa na dada yeyote kwenye hadithi ya babu.

Marit

Baada ya hapo sikumtafuta tena Hans. Sensa ya Marekani ya Juni 1900 ina Marit Olson, kazaliwa Norwei, kaingia nchini 1899, hajaolewa, kazi yake mtumishi wa ndani, anaishi nyumbani kwa waajiri wake kwenye anwani tofauti na ile. Rejista ya polisi ya Kristiania ya 1899 inaye pia, miaka 19, peke yake. Umri na parokia vinalingana na kitabu cha ubatizo, na baba ni yuleyule Ole wa shamba lilelile.

Alikuwa mkubwa kwa Hans kwa mwaka mmoja tu. Alikwenda kwanza, akafanya kazi za ndani miaka minne, akatuma tiketi. Hilo halikuwa jambo la ajabu: tiketi nyingi za Wanorwei zilikatwa Marekani na ndugu waliotangulia, zikatumwa kwa posta. Bila hizo wengi wasingetoka. Mabinti watumishi walikuwa miongoni mwa watumaji, kwa sababu walilala na kula kwa mwajiri, na mshahara mdogo uliweza kukaa.

Sensa ya jimbo la Minnesota ya 1905 inawaonyesha wote wawili kwenye nyumba moja. Yeye fundi seremala, dada bado mtumishi. Baada ya hapo Hans anakuwa Haugen, anaoa, ananunua shamba, anakuwa mzee wetu. Marit Olson anapotea. Nadhani aliolewa, jina likabadilika. Kwa kuwa yeye alibaki Olson na kaka yake akawa Haugen, hakuna mjukuu ambaye angeweza kuwaunganisha kwa majina.

Jumapili ile nilimweleza babu kwa simu. Alikaa kimya muda mrefu mpaka nikadhani mtandao umekata. Akauliza, "Alikuwa na dada?" Nikamsomea safu ile. Akaniomba nirudie. Akauliza alikuwa anafanya kazi gani, nikamwambia. Halafu akaniambia nimtajie jina lake herufi kwa herufi, na nikasikia penseli ikiandika.

Sasa niseme langu. Watu wa hapa chuoni hudhani mtu mwenye jina langu ana hela. Tangu baba afariki, dada yangu mkubwa anauza vitenge Moshi, na yeye ndiye anayeziba pale bumu lisipofika, toka mwaka wa kwanza mpaka leo. Mwaka jana nilipogombea uwakilishi wa darasa, kwenye karatasi ya kampeni niliandika kuwa nimejisomesha kwa jasho langu mwenyewe. Ilikuwa sentensi nzuri, watu walipiga makofi. Ile kumbukumbu ilinirudia usiku ule nikiwa na picha ya karatasi ya 1903 mbele yangu, na mwanga wa simu. Hans pengine hakudanganya. Pengine alikata magogo kweli, na mwishowe akamrudishia dada yake pesa. Lakini aliisimulia kwa namna ambayo katika vizazi vitatu dada akawa hayumo. Asubuhi nilimpigia dada. Aliuliza kama nina shida ya hela.

Na wewe

Kama una mzee aliyesafiri, anza wiki hii, na muulize akiwa hai. Mwulize nani alimtangulia, nani alimpokea, nani alilipa. Kisha ndipo utafute karatasi. Usidhani ni mambo ya wazungu tu: orodha za meli zilizoingia Uingereza kutoka nje ya Ulaya zipo toka 1878 hadi 1960, na humo zimo meli zilizotoka Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam. Mzee aliyekwenda kusoma Uingereza miaka ya 1950 kwa meli anaweza kuwemo, na umri wake, kazi yake na anwani aliyofikia. Tafuta kwa tahajia tofauti, maana karani aliandika alivyosikia. Ukimkosa kwa jina, mtafute kwa meli na tarehe. Na ukimpata, soma na mistari ya juu na chini yake. Ndugu na majirani walikuwa wakisafiri pamoja.

Julai ukoo ulikutana Minnesota. Baba mdogo aliisoma karatasi yangu kwa niaba yangu, nami nikasikiliza kwa simu usiku wa manane. Wametundika nakala ya orodha ile sebuleni kwa babu, mstari wa Hans umepigwa wino wa njano hadi kwenye ile safu.

Jumapili iliyopita babu aliniuliza nimefika wapi kuhusu Marit. Nikamwambia niko kwenye vitabu vya ndoa, mwaka 1906, na bando limebaki kidogo.